Wanaotapeliwa kwa simu msiwaite wazembe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo linaloniuma kila nikisoma habari za watu kutapeliwa kwa simu na kompyuta. Habari yenyewe huwa ni ileile, mtu kapigiwa, kataja namba zake za siri, hela zimeondoka, halafu aya ya mwisho anakuja msemaji anasema wananchi waache uzembe, basi imeisha hiyo. Mimi nafundisha usalama wa kompyuta chuo kikuu, ndo kazi yangu ya kila siku, na ninachokiona ni kwamba huyo aliyeibiwa mara nyingi kafanya kilekile alichozoeshwa na haohao wanaomlaumu.

Angalia taasisi zenyewe, benki kwa mfano, zinavyoongea na wateja. Juzijuzi nimepigiwa simu, namba siijui, dada mpole kabisa anasema anapiga kutoka kitengo cha huduma kwa wateja na kabla hatujaendelea nimtajie tarehe yangu ya kuzaliwa ili ahakikishe anaongea na mwenyewe. Nikamuuliza, sawa dada yangu, na mimi nitahakikishaje kama ni wewe kweli? Kimya kidogo, kisha akanijibu mbona jina lako na namba yako ninavyo hapa. Lakini jina langu na namba yangu hata tapeli anavyo! Nikakata, nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi yangu, wakaniambia ndiyo, huyo ni mfanyakazi wetu na alikuwa anafuata utaratibu. Sikumkasirikia yule dada maana hakuutunga yeye, ila waliokaa kikao wakaupitisha ndo wanaomfundisha mteja kwamba mtu usiyemjua akikupigia akakuuliza mambo yako ya siri, mjibu tu haraka.

Meseji nazo ni hivyohivyo. Ndugu mteja, akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24, bofya hapa kuhakiki taarifa zako, halafu linki fupi ambayo hata ukiikodolea macho hujui inakupeleka wapi. Huwa nawawekea wanafunzi wangu meseji za kweli na za matapeli zikiwa zimechanganywa, nawaambia wazitenganishe, na hawa ni watu wanaosomea mambo haya, bado wanabishana darasa zima kwa sababu za kweli zina haraka ileile, vitisho vilevile na linki zilezile. Sasa mzee aliyeamka asubuhi akakuta meseji kama hiyo tunamdai nini?

Kwenye paswedi ni hivyohivyo. Tangu 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inashauri watu wasilazimishwe kubadilisha paswedi kila baada ya muda fulani kama hakuna dalili kwamba imevuja, na Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa zamani uliosambaza mtindo huo, mwaka huohuo alisema hadharani kwamba mengi aliyoyaandika anayajutia. Kabla ya hapo, 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walionyesha kwamba ukiwa na paswedi ya zamani ya mtu, programu inaweza kuipata mpya ndani ya sekunde chache kwa takriban asilimia 41 ya paswedi walizozijaribu, kwa sababu mtu akilazimishwa kubadilisha anaongeza namba moja mwishoni au anabadilisha herufi moja basi. Pamoja na hayo bado naingia ofisi za watu nakuta mfumo unadai paswedi mpya kila mwezi, mfanyakazi kaiandika kwenye kikaratasi kabandika pembeni ya skrini, na bosi anamfokea yeye badala ya kuufokea mfumo. Watafiti Anne Adams na Angela Sasse waliliandika hili tangu 1999, kwamba watu hawakaidi usalama kwa kupenda, wanapewa masharti yasiyoendana na kazi zao.

Na lawama hizi zinaumiza watu. Uingereza, miaka ya tisini, polisi mmoja alilalamika kwamba hela zimetolewa kwenye akaunti yake kwa mashine ya ATM na si yeye aliyezitoa. Waliokuwa wanamtunzia hela wakasema mfumo wao haukosei, kwa hiyo anadanganya, na 1994 akatiwa hatiani kwa kujaribu kufanya udanganyifu. Mlalamikaji ndo akageuka mshtakiwa! Alikuja kuachiwa kwenye rufaa 1996, baada ya wenye mfumo kukataa mtaalamu wa upande wake asiukague. Marehemu Ross Anderson, msomi wa usalama wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyekuwa mtaalamu wa upande wa huyo polisi, alishaandika 1993 kwamba hela nyingi za ATM zilikuwa zinapotea kwa makosa ya uendeshaji na wizi wa watu wa ndani, na akaeleza kuwa Marekani, ambako benki ndiyo iliyopaswa kuthibitisha kosa la mteja, mambo yalikuwa tofauti kabisa na Uingereza ambako mzigo ulimwangukia mteja. Asiyelipia hasara atahangaika kuziba tundu la nini?

Kwa hiyo Mhariri, ninaloomba ni hili. Mwandishi wako akienda kwa msemaji, asiondoke na hiyo sentensi ya uzembe peke yake, amuulize je nyie mnawapigia wateja na kuwauliza taarifa zao? Mnatuma linki kwenye meseji? Hela nyingi zikihama ghafla kwenda akaunti mpya mfumo wenu unazisimamisha hata kwa saa chache au unaziachia? Na hasara kabeba nani? Wakijibu kwa lugha ya kitaalamu isiyoeleweka, tupigieni sisi walimu wa fani hii, tutakaa na mwandishi wako tumfafanulie bure, mimi wa kwanza.

Mhadhiri wa usalama wa kompyuta