Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi: Uwanja Wetu wa Ndege Mafia

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu: Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Karibu Mafia. Tumeelezwa kwamba umefika kwa ndege ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, safari ya takriban nusu saa. Ndiyo maana tumechagua kukuletea jambo linalohusu pale pale uliposhukia, Kilindoni.

Ndugu Mgeni Rasmi, wazee wetu wanaukumbuka uwanja huu ulipokuwa wa udongo na changarawe. Februari 2008, Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush walitia saini mkataba wa msaada wa Marekani uitwao Changamoto za Milenia, na kutoka katika fedha hizo njia ya kurukia ndege ya Mafia ikawekwa lami. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Tunaishukuru Serikali, na tunaishukuru Mamlaka ya Viwanja vya Ndege inayoutunza. Wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe, kuanzia Oktoba hadi Machi, wengi hupita hapo, na nyumba nyingi kisiwani zinakula kwa sababu yao.

Lakini sisi tunaoishi hapa tunauhitaji zaidi katika miezi ambayo wageni ni wachache. Kusi likivuma, bahari kati yetu na Nyamisati, bandari ya kuvukia upande wa bara, huchafuka, na kuna siku hata nahodha mzoefu hang'oi nanga. Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha kwamba ndege huruka ikielekea upepo, kwa kuwa upepo wa mbele huipa mabawa nguvu ya kunyanyuka kabla njia haijaisha. Ukija wa ubavuni, rubani ana kazi kubwa. Kwa hiyo upepo unaotufungia bahari si lazima utufungie na anga. Siku hizo uwanja ndio mlango pekee tulio nao.

Mwaka juzi, mwezi Juni, mama wa mwenzetu mmoja aliteleza kisimani akavunjika paja. Hospitali ya Wilaya ikamwandikia rufaa kwenda Dar es Salaam. Boti hazikutoka. Ndege ya kesho yake ilikuwa imejaa, na hata ingekuwa na nafasi, mtu aliyevunjika paja haketi kwenye kiti. Ndege hizi ndogo hubeba abiria kumi na wachache tu. Ili machela ilale, viti kadhaa ving'olewe kwanza. Ndugu walihangaika kwa simu, huyu akiwatuma kwa yule, na hakuna aliyewaambia nani hasa anaamua. Mama alikaa siku tatu akilia kwa maumivu. Hatulaumu mtu kwa jina. Tunachosema ni kwamba kulikuwa na lami, kulikuwa na ndege na kulikuwa na rubani, lakini utaratibu haukuwapo.

Tumesoma juu ya kisiwa cha Barra, Uskoti. Huko ndege hutua juu ya mchanga wa pwani, na ratiba yake inafuata maji kupwa na kujaa, kama ngalawa zetu. Hata hivyo, mgonjwa akizidiwa usiku, magari huwashwa taa kando ya mchanga, vipande vinavyong'aa hutandazwa, na ndege inatua kumchukua. Kisiwa ambacho uwanja wake hauna hata lami kimeweza.

Ombi letu ni moja. Utusaidie kuwakutanisha Halmashauri, hospitali, uwanja na wenye ndege, wakubaliane kwa maandishi: mgonjwa wa rufaa apewe nafasi kwanza, machela inayoenea ndani ya ndege hizi iwepo uwanjani muda wote, na pawe na namba moja ya simu ambayo mwenye mgonjwa anapiga na kupata jibu. Wenzetu wa visiwa vidogo vya Juani, Chole na Jibondo, ambao huvuka maji mara moja kabla hata ya kuifikia Kilindoni, wameomba namba hiyo ibandikwe pia kwenye zahanati zao.

Mama tuliyemtaja amekuja leo. Ameketi mstari wa mbele kushoto kwako, na fimbo yake ameiegemeza kwenye kiti. Amekubali tumtaje, na amesema ukipenda atakusimulia mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.