Hapo Nakuru palikuwa Uganda

Kisumu

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi tu wazima, ila joto limetukalia. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikakasirika kidogo. Heri nijibu sasa kuliko tuje kubishana Krismasi mbele ya shemeji huku ugali unapoa.

Unasema Urusi ina haki ya kuingia Ukraine kwa kuwa ardhi ile ilikuwa yake tangu zamani. Na wewe unafundisha historia! Hebu rudi mwaka wa 1902. Kabla ya hapo, Kisumu hii na Nakuru yako zilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ilipofika ziwani, Waingereza wakataka iwe chini ya utawala mmoja, wakasogeza mpaka kwa kalamu. Hakuna mzee aliyeulizwa, si Mluo, si Mkalenjin, si Mmaasai.

Sasa Februari 1976 Idi Amin akaifufua ramani ile. Akadai magharibi yote ya Kenya ni yake, hadi karibu na Nairobi. Mzee Kenyatta akajibu kwamba hata inchi moja haitoki, jeshi likasogezwa mpakani, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda. Amin akalegea. Lakini Oktoba 1978 aliingia Kagera, Tanzania, kwa madai ya aina hiyo hiyo, akiwa na silaha za Wasovieti, na baadaye Gaddafi wa Libya akamtumia askari. Wenzetu Watanzania walilipa kwa damu hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979.

Kwa hiyo ukisema dai la zamani linatosha, mimi na wewe tufunge virago tukaombe vitambulisho Kampala. Ndiyo maana balozi wetu wa wakati huo katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alipozungumza kuhusu Ukraine kwenye Baraza la Usalama Februari 2022, hapa mjini watu walirushiana ile video siku nzima. Alisema mipaka yetu hatukuichora sisi, lakini tuliamua kuishi nayo badala ya kumwaga damu tukitafuta ya zamani. Huku hatuhitaji kufafanuliwa. Nenda Migingo, kisiwa cha Ziwa Victoria, uone mwamba wa nusu ekari, mabati yamebanana hata njia ya mtu mmoja ni shida, na polisi wa Uganda walitua pale 2004. Mwaka wa 2009 Museveni alikiri kisiwa ni cha Kenya, ila maji ni ya Uganda. Mvuvi wa mbuta atavua wapi basi, juu ya jiwe?

(Usidhani nawachukia Warusi. Wanangu wote wamezaliwa Russia, hii hospitali yetu iliyojengwa kwa msaada wao.)

Kuhusu Marekani kuvamia nchi ndogo, sibishani nawe hata kidogo. Tarehe 25 Oktoba 1983 ilivamia Grenada, kisiwa cha watu wapatao laki moja. Waziri mkuu wake, Maurice Bishop, alikuwa ameuawa na wenzake siku chache kabla, na Reagan akasema anakwenda kuwaokoa wanafunzi Wamarekani wa udaktari. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani kwa kura 108 dhidi ya 9. Sasa chukua sababu hiyo uipeleke Georgia, nchi jirani ya Urusi, Agosti 2008. Urusi ilikuwa imegawa pasipoti zake kwa miaka huko Ossetia Kusini, jimbo lililojitenga na Georgia, na Georgia ilipoanza kupiga mizinga mji mkuu wake, Tskhinvali, Moscow ikasema inakwenda kuwalinda raia wake. Wewe unaona maadui wawili. Mimi naona wakubwa wanaoazimana sababu.

Kinachoniuma zaidi ni ahadi. Aprili ya mwaka huo huo wa 2008, mkutano wa Bucharest wa NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na wenzake, ulitangaza kwamba Georgia na Ukraine zitakuwa wanachama, bila kutaja lini. Miezi minne baadaye vifaru vya Urusi viko Georgia, na waliotoa ahadi wanatoa taarifa. Mdogo alichochewa na aliye mbali, akapigwa na aliye karibu.

Halafu kuna jambo ambalo hukuligusa, na nadhani ulilikwepa. Oktoba 2011 sisi wenyewe tuliingia Somalia. Watu walikuwa wametekwa Lamu na Dadaab, tukasema tunalinda nchi yetu. Rais wao wa wakati huo, Sharif Sheikh Ahmed, mwanzoni alilalamika hadharani. Baadaye tukawa chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na al-Shabaab si watu wa kuonewa huruma, hayo najua. Lakini kwa Msomali wa Kismayo, jirani mkubwa ni nani? Binafsi naona tulikuwa na sababu ya kwenda, ila sioni sababu ya kukaa miaka yote hii. Wewe unasemaje? Nijibu hilo kwanza, la Marekani lisubiri.

Wasalimie watoto, na mwambie shemeji omena zake nimempa dereva wa matatu wa kesho asubuhi.

Ni mimi rafiki yako wa Kisumu