Yaliyobaki nje ya wasifu wa nyanyako

Mwanangu,

Pesa zako zilifika, na mjomba wako ameziandika kwenye daftari la mazishi pamoja na michango mingine, kwa hiyo ukirudi utaonyeshwa mpaka shilingi ya mwisho. Nyanyako tulimzika Jumamosi huko Rabai, ubavuni mwa mamake, kama alivyotaka. Ruhusa ulinyimwa huko Doha na hapa hakuna aliyekunung'unikia. Siku hizi kila nyumba ya Mombasa ina mtu wake Ghuba, watu wanajua.

Nakuandikia kwa sababu picha ulizoona kwenye simu ni za jeneza na wageni wa heshima, na wasifu uliosomwa kanisani mjomba wako aliuandika usiku wa manane akiwa amechoka. Haukuwa na uongo. Alizaliwa Rabai 1942, akabatizwa, akasoma, akaingia mafunzo ya uuguzi 1961, akafanya kazi Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara mpaka alipostaafu 1997, miaka 55 ilipotimia kama sheria ya wakati ule ilivyotaka. Kisha watoto, wajukuu, vitukuu. Halafu mwisho: "Alikuwa mama mpole, mcha Mungu." Hapo kwenye mpole nikamtazama mama yako mdogo, naye akanitazama, tukainamisha vichwa ili watu wadhani tunalia.

Nyanyako hakuwa mpole, baba. Alikuwa na mkono mwepesi kwa mgonjwa na ulimi mkali kwa mzima. Wewe ulimpata amestaafu, ameshapoa, anakukata kucha barazani Mikindani na kukupa mabuyu. Sisi tulimpata mtaani Tudor, akitoka zamu ya usiku, akipitisha kidole juu ya meza kuona kama ina vumbi kabla hajatuitikia shikamoo. Shuka ilitandikwa kama ya wodini, pembe zimekunjwa na kubanwa chini ya godoro. Isipobanwa ilivutwa yote, ukaanza upya, hata kama gari la shule limeshapita.

Ukali huo haukuwa wa hasira. Ulitoka kazini. Alipoanza, sindano zilikuwa za kioo, zinachemshwa na kutumika tena, na ncha ikiwa butu inanolewa kwenye kijiwe. Alituambia mgonjwa akipiga kelele, kwanza itazame ncha ya sindano yako, halafu ndipo umwambie avumilie. Saa yake ilining'inia kifuani kichwa chini, ili yeye aisome huku ameshika mkono wa mgonjwa akihesabu mapigo. Aliivaa hata kanisani, na mahubiri yakipita kiasi aliiinua akaitazama wazi wazi. Wachungaji kadhaa walimwogopa kwa hilo.

Imani yake ndiyo ninayotaka uijue vizuri, maana Jumamosi ilisifiwa sana na watu ambao hawakuwahi kuiona ikifanya kazi. Akiwa na zamu ya asubuhi, saa kumi alfajiri tulisikia mbao za kitanda zikilia, tukajua ameegemea, amepiga magoti. Aliomba kwa Kirabai, kwa sauti ya chini, akiwaombea wagonjwa mmoja mmoja. Lakini hakutaja majina. Alitaja nambari za vitanda. Kitanda cha nne, apumue. Kitanda cha kumi na moja, mumewe aje amwone. Alijua tuko macho tunasikiliza, na siri ya mgonjwa ni siri, hata anapoitwa mbele za Mungu. Wengi wao waliishi mitaa hii hii yetu, pengine mama wa mwanafunzi mwenzangu, na mimi mpaka leo sijui.

Wodini hakuhubiri. Kulikuwa na vikundi vilivyopita Jumapili na vipaza sauti vidogo, naye aliwaomba kwa adabu wakahubirie nje getini. Kwake, mtu aliyelala kitandani hawezi kuinuka akaondoka, kwa hiyo kumhubiria ni kumwonea. Mwoshe, mgeuze asipate vidonda vya mgongo, umpe maji. Akitaka kuombewa atasema. Na mgonjwa Mwislamu akiwa katika kukata roho, jamaa hawajafika, alikwenda wodi ya pili kumwita mwenzake Mwislamu aje amlakinie shahada, yaani amtamkie aifuatishe, na yeye akasaidia kukigeuza kitanda kielekee kibla. Mjomba wako aliona hili halifai kusomwa kanisani. Mimi naona ndilo lililofaa kusomwa kwanza.

Mwenzake huyo ndiye jirani yetu wa Tudor, yule unayemwita Bibi wa Mahamri. Walikuwa na mkataba wao wa miaka: nyanyako hufanya zamu zote za Idd, mwenzake hufanya Krismasi na Pasaka. Mwezi wa Ramadhani nyanyako alichukua zamu za jioni ili wenzake wafuturu majumbani. Nasi tulipelekewa mahamri na mbaazi, kwa hiyo usidhani tulipata hasara.

Sasa la watoto. Katika wodi ya wazazi alikaa miaka mingi kuliko kwingineko, akisikiliza moyo wa kitoto kwa kile kipembe kinachowekwa tumboni, sikio huku, tumbo kule. Si kila mtoto aliishi. Kwetu Waanglikana, mtoto akiwa hatarini na mchungaji yuko mbali, Mkristo yeyote aweza kumbatiza kwa maji, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nyanyako alifanya hivyo pale tu mama mwenyewe alipoomba, hakumfanyia mtoto wa mtu kwa siri. Na Jumapili, baada ya ibada, alimfuata mchungaji ili jina liingie kwenye rejista ya kanisa. Siku moja mtu mmoja wa ofisi ya kanisa akamwuliza kwa nini wahangaike kumwandika mtoto aliyeishi saa moja. Nyanyako akamtazama juu hadi chini. "Na wewe umeandikwa kwa kuwa umefanya nini?" Jina likaandikwa.

Huenda hiyo ndiyo sababu alikuwa na ugomvi wake na historia ya Rabai. Mchungaji Jumamosi alianza na mmishenari Krapf, kama ilivyo desturi, maana huko hata harusi huanza na Krapf: kafika Mombasa 1844, kampoteza mkewe na kitoto mwaka huo huo, mwenzake Rebmann kaja 1846, wakapanda wote Rabai. Nyanyako aliisikia hadithi hii maisha yake yote, na kila mara alikwama pale ambapo wengine walipita mbio. Alinipeleka nikiwa msichana kuliona kaburi la Rosina, huyo mkewe Krapf, ng'ambo ya Nyali. Akaniambia wanaume hulieleza kaburi hili kwa habari ya kazi ya mmishenari, lakini yeye ni mkunga, na anachoona ni mwanamke aliyeshikwa na homa kali siku za kujifungua, mbali na mamake, bila mtu wa kumshika mkono aliyejua la kufanya. Kisha akauliza kama nimekula. Ndivyo alivyokuwa, akikwambia neno zito hakuachi ukae nalo.

Ijumaa ya 29 Aprili 1994 wewe hukuwapo duniani. Asubuhi ile feri ya Mtongwe ilipinduka na watu waliokuwa wakivuka kuja kazini kisiwani, wakafa 272. Nyanyako aliwekwa kuwapokea jamaa waliokuja kutafuta watu wao. Aliniambia baadaye sana, na mara moja tu, kwamba alimkalisha kila mtu benchini kabla hajaingia ndani, akamwuliza nguo: shati la rangi gani, leso ina jina gani, viatu vya kamba au vya kuvaa tu. Maji hubadilisha uso, nguo haibadiliki. Akiisha kujua nguo, aliingia yeye kwanza akatafuta, ili mama wa watu asilazimike kupita mbele ya watoto wa wenzake wote ndipo amfikie wake. Aliporudi nyumbani alikula, akaosha viatu vyake, akalala. Jumapili kanisani alisimama na kitabu cha nyimbo kimefunguliwa na hakuimba hata ubeti mmoja. "Leo waimbe wengine," akaniambia nilipomgusa kiwiko. Jumapili iliyofuata aliimba.

Kustaafu hakukumsaidia kupumzika. Mwaka ule ule wa 1997 mvua za El Niño zilianza, vyoo vikafurika, kipindupindu kikaingia mitaani. Alizunguka Mikindani na kijiko cha chai na kisu cha mezani. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kisu kilikuwa cha kusawazishia: anachota sukari, anapitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko, kilima kinaanguka, kinabaki kijiko sawasawa. Akina mama walipenda kuongeza chumvi wakidhani dawa kali ndiyo dawa. Aliwaonjesha, akawaambia isizidi chumvi ya machozi, ikizidi inamuumiza mtoto badala ya kumwokoa. Asiyeweza kwenda zahanati alinyweshwa kidogo kidogo kwa kijiko, usiku kucha. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu tukimfuata.

Miaka ya Ukimwi pia, watu walipokuwa wakiacha chakula mlangoni na kukimbia, yeye aliingia ndani akawaogesha. Kwa hilo hakutaka kusifiwa na aliwakatiza waliojaribu, basi nami naliacha hapo.

Mwisho wake haukuwa mrefu. Moyo ulichoka, miguu ikavimba, akawa anajipima mwenyewe mapigo na kutuambia matokeo kabla daktari hajasema. Muuguzi kijana aliyemhudumia alikosea kubana pembe ya shuka. Tuliona anaiona. Akanyamaza, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu.

Mazishini, nje ya kanisa chini ya mwembe, walikaa wanawake wa Tudor na mabuibui yao, wamekuja kwa matatu ya kukodi na masufuria ya pilau. Akina mama wa kanisani na sare zao wakawapisha kwenye mikeka, wakagawana kazi ya kupakua. Watu walipoombwa kusema neno, Bibi wa Mahamri akashikwa mkono akasimama. Hakusema mengi. Alisema nyanyako alimfanyia Idd mwaka aliostaafu, na akaondoka kazini kabla Krismasi haijafika, kwa hiyo yeye bado anadaiwa zamu moja. Watu wakacheka, wengine wakalia, mjomba wako akasahau kilichofuata kwenye ratiba.

Vitu vyake hatujagawa, tunakungoja Desemba. Saa ya kifuani usiiulize, aliitoa mwenyewe akiwa hai, kwa msichana mmoja wa kanisani anayesomea uuguzi. Biblia yake ni yako, alisema hivyo mbele ya mama yako mdogo. Ina kurasa zilizolegea, nitaipeleka ikashonwe. Kuna deni dogo la mahema na viti, nitakueleza kwa simu, si la kukunyima usingizi. Na mpigie Bibi wa Mahamri umpe pole, maana naye kafiwa. Piga kabla ya Magharibi, baada ya hapo simu yake huwa mikononi mwa wajukuu.

Mamako