Idi Mubarak kutoka Amu, na salamu kwa nyumba za askari waliotufia

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwezi umeandama, takbira zinajibizana kutoka mtaa wa Mkomani hadi Langoni, na Mola ametufikisha. Idi Mubarak kwenu nyote. Kwenu mlioko Amu, huu mji wetu wa Lamu, na Shela, Matondoni na Kipungani. Kwenu wa Faza, Siyu, Pate na Kizingitini. Kwenu wa bara, Mokowe, Hindi, Witu na Mpeketoni. Na kwenu mliotawanyika Mombasa, Nairobi na Uarabuni mkitafuta riziki, ambao leo mnapiga simu nyumbani huku harufu ya pilau mnaisikia kwa kukumbuka tu. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu, sala na fitri zetu, na awarehemu wale tuliofuturu nao mwaka jana na leo hatunao.

Tunapowataja hao ambao hatunao, kila nyumba ina majina yake. Mwaka huu naomba tuongeze watu ambao hatujazoea kuwataja siku ya Idi: askari polisi waliouawa wakiwa kazini katika kaunti hii yetu ya Lamu. Wengi wao hawakuwa na mjomba wala shangazi hapa. Walikuja na begi moja na barua ya uhamisho, wakapelekwa Baure, Mangai, Pandanguo au Kiunga, na baadhi yao wakarudishwa kwao ndani ya jeneza. Huku kwetu yalisemwa siku mbili tatu, kisha yakanyamaza.

Nawaomba mwangalie sinia mlilotandikiwa leo. Unga wa mahamri, mchele, viazi, vitunguu, kanzu mpya ya mtoto, viatu vyake: sehemu kubwa ya hivyo imepanda lori Mombasa, ikapita Malindi na Garsen, ikaingia ile barabara ya takriban kilomita 135 kupitia Witu na Hindi mpaka jeti ya Mokowe, ndipo ikavushwa kwa boti. Jamaa zetu waliokuja kula Idi nao wamepita njia hiyo hiyo kwa basi. Na kila aliyeisafiri katika miaka hii anaijua hali yake. Mnasimamishwa kwenye kizuizi, mnashuka na vitambulisho mkononi, mnasubiri mabasi yakusanyike, halafu mnaondoka kwa msafara huku gari la polisi likiwa mbele. Tumelalamika sana juu ya kusubiri huko. Jua kali, watoto wanalia, simu zimekwisha chaji. Lakini katika msafara ule, kama kuna kilipuzi kimefukiwa, gari la kwanza kukikanyaga ni lile la askari. Wao walilijua hilo walipopanda, na kesho yake walipanda tena.

Watu wazima wanaikumbuka Ramadhani ya 2014. Ilikuwa imetanguliwa na shambulio la Mpeketoni, usiku wa Juni 15, ambako kuanzia usiku ule na uliofuata waliuawa zaidi ya watu 60, na kituo cha polisi cha mji nacho kikashambuliwa. Tukaingia kwenye saumu na msiba mkononi. Julai 5, tukiwa tumefunga siku chache tu, Hindi na kituo cha polisi cha Gamba kule Tana River vikavamiwa usiku mmoja. Kumi la mwisho lilipofika, lile ambalo watu hukesha misikitini wakitafuta Lailatul Qadri, tulikuwa chini ya amri ya kutotoka nje tangu magharibi hadi asubuhi. Mji mzima ulikuwa kimya saa ambazo kwa kawaida watoto wanakimbizana vichochoroni. Waliokuwa nje usiku ule walikuwa askari.

Lakini Idi ninayoitaka sana tuikumbuke ni ya 2017. Tulisali Idi ile mwishoni mwa Juni. Juni 27, nguo mpya zikiwa bado hazijafuliwa, gari la polisi likakanyaga kilipuzi Mararani. Wakafa polisi wanne na watoto wanne. Watoto na askari, mauti mamoja, mahali pamoja, katika siku ambazo watoto wa huku walikuwa bado wanazunguka nyumba kwa nyumba wakidai mkono wa Idi. Habari ile ilipofika mjini kuna waliolia waziwazi barazani, na sikuona aliyeuliza nani alikuwa wa dini gani.

Wiki moja na siku moja baadaye, Julai 5, ikawa zamu ya Pandanguo. Washambuliaji walikivamia kituo cha polisi cha kijiji, wakawaua polisi watatu, na Waboni wa pale wakakimbia na watoto mgongoni. Pandanguo si mji. Ni kijiji cha watu ambao msitu ndio jiko lao, duka lao la dawa na makaburi ya wazee wao. Askari wale watatu ndio waliokuwa ukuta wa watu wale. Baada ya hapo wanaume wa Jima na Pandanguo wakachinjwa, na kabla mwezi haujafika katikati, Katibu wa Wizara, Mariam El Maawy, akashambuliwa Milihoi. Akaokolewa akiwa na majeraha mabaya, akafariki mwezi Septemba. Milihoi hiyo hiyo, Januari 2022, polisi wanne wakauawa katika shambulio jingine. Anayesafiri leo hupita pale kwa dakika chache tu, juu ya lami, pengine amelala.

Najua ninayataja machache. Kuna waliokufa mmoja mmoja, kwa kilipuzi kwenye njia ya kuchota maji, kwa risasi ya kushtukiza karibu na kambi, ambao hawakupata hata kichwa cha habari. Kuna askari wa akiba, wenyeji wetu, waliopewa bunduki na kuambiwa walinde kijiji, wakakilinda mpaka mwisho.

Walikuwa watu wa namna gani? Wengi vijana. Lafudhi zao zilikuwa za Kitui, za Bomet, za Kakamega, za Meru, za Turkana. Wengine walikuwa wa Pwani hii hii. Mtu aliyekulia kwenye baridi na majani chai anapelekwa msitu wa Boni, kwenye joto, mbu na maji yenye chumvi, mahali ambapo mtandao wa simu unapatikana kwa kupanda juu ya kichuguu. Namkumbuka mmoja aliyekuwa kwenye kizuizi, ambaye alikuwa akiwauliza abiria wazee waitwe vipi kwa heshima huku kwetu, kisha akaanza kuwaita bibi zetu "mama mkubwa" na kuwabebea mikoba wakishuka na kupanda. Sijui alihamishiwa wapi. Kila ninaposikia habari ya msitu humfikiria yeye kwanza.

Huku kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Majirani huingia na kutoka, wanampikia, wanamsikiliza, wanawachukua watoto kuwapeleka chuo cha Kurani. Nikiwafikiria wajane wa askari hawa, hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Mume amefia Lamu, mahali ambapo mke huenda hajawahi kufika, mikononi mwa watu asiowajua, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuja kumwambia: tulimwona mumeo, alitufaa, alikuwa hivi na hivi. Mama wa Kitui hajui kwamba mwanawe alikuwa akibeba mikoba ya bibi zetu. Tungemwambia, nadhani angelishika neno hilo maisha yake yote.

Sasa niseme na lile ambalo wengine mnalisema moyoni. Ziko nyumba katika kaunti hii ambazo gari la polisi likisimama mlangoni, watu hawapumui. Wako vijana waliochukuliwa wakati wa operesheni za usalama na hawajarudi, na watetezi wa haki za binadamu wameyaandika hayo kwa miaka. Wavuvi walikatazwa bahari ya usiku kwa muda mrefu, na mvuvi wa huku bila usiku amebaki na nusu ya riziki. Sitaki mtu yeyote ayafute hayo kwa sababu nimewataja askari waliokufa. Mama anayemngoja mwanawe Amu ana haki ya jibu, na haki hiyo haipungui hata chembe nikimlilia askari wa Mararani. Nawalilia wote wawili. Na naamini askari aliyekufa akilinda watoto wa Waboni anavunjiwa heshima na kila mwenzake anayeonea raia kwa sare ile ile.

Al-Shabaab, waliojitangaza kuhusika na mengi ya mashambulio haya, walidai wanaifanyia kazi dini yetu. Walilidai hilo katika mwezi wa saumu na katika siku za Idi, sikukuu ambayo siku yake ya kwanza Muislamu amekatazwa hata kufunga ili afurahi na watu. Kitabu chetu kinasema, katika Suratul Maida, kwamba mwenye kuua nafsi bila haki ni kama ameua watu wote, na mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Ipo pia hadithi ambayo masheikh wetu huisoma mara nyingi, ya macho mawili yasiyoguswa na Moto: jicho lililolia kwa kumcha Mwenyezi Mungu, na jicho lililokesha likilinda katika njia Yake. Daraja za watu anazijua Mola peke yake, na miongoni mwa askari hawa walikuwamo Waislamu na Wakristo. Kwangu inatosha kwamba walikesha, na sisi tukalala.

Shule tano za Waboni, Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, zilifungwa baada ya mashambulio ya 2014, na watoto wakakaa miaka bila daftari. Zilipoanza kufunguliwa tena, walimu walirudi kwa kuwa askari walikuwa karibu. Mtoto wa Mangai anayejifunza kusoma leo ana deni kwa watu ambao hatawahi kuwaona, na sisi wakubwa wake ndio tunaoweza kumwambia majina yao.

Kwa hiyo nina ombi, na nalitoa nikiwa nimelifikiria. Hapa Mkunguni, mbele ya Ngome, ndipo mji wetu unapokutana kwa furaha na kwa huzuni. Nataka pawe na ubao, hapo au Mokowe kwenye jeti ambako kila msafiri hushuka, wenye majina ya askari wote waliouawa katika Kaunti ya Lamu, pamoja na ya raia waliokufa nao, wale watoto wanne wakiwemo. Jina, mahali, mwaka. Serikali ya kaunti ikitaka inaweza. Isipotaka, wazee wa mji, maimamu na makanisa ya Hindi na Mpeketoni wanaweza kuanza kwa ubao wa mbao, na mafundi wa kuchonga tunao. Nairobi wana kumbukumbu zao, ni sawa. Lakini damu ilimwagika huku, na majina yakae huku. Na yeyote mwenye sauti katika ofisi zinazohusika ahakikishe mjane hapangi foleni mwaka hadi mwaka kwa ajili ya haki ya marehemu mumewe.

Jambo dogo ni la leo na kesho. Waliopo kazini sasa hivi wanasikia takbira zetu kwa mbali. Nyumbani kwetu tumekubaliana kwamba sinia moja la Idi pili litavuka Mokowe kwenda kwa askari wa zamu, pilau, kachumbari, kaimati na chupa ya kahawa. Anayeweza kufanya hivyo Witu, Hindi, Faza au Kiunga na afanye. Asiyeweza, akisimamishwa kizuizini wiki hii atoe kitambulisho na amwambie afande "Idi Mubarak", na kama ni Mkristo atajibu vile vile, nimeshawasikia.

Basi pokeeni salamu zangu. Idi Mubarak kwa kila anayekesha kituoni, kambini na ndani ya boti za doria, kutoka Ishakani hadi Witu. Idi Mubarak kwa Waboni wa Pandanguo, Bargoni, Mangai na Mararani. Na kwenu wazazi, wajane na watoto wa askari waliotufia, mahali popote mlipo, hata kama leo kwenu si sikukuu: huu hapa mkono wa Idi kutoka Amu, na mlango wetu uko wazi siku mtakayotaka kuja kupaona mahali wapendwa wenu walipofanya kazi. Mkifika Mokowe ulizieni tu boti ya kuvukia. Tutawapokea jetini sisi wenyewe.