Barua kwa mwanangu, njiti wa gramu 1,150

Mwanangu Neema,

Juzi, baada ya kusoma habari za ubongo wa njiti, uliponiuliza kwenye simu kama ubongo wako una kasoro kwa sababu ulizaliwa njiti, nilicheka nikabadili maneno. Nisamehe. Swali lile nimelala nalo siku tatu, na mdomo wangu huwa unaharibu mambo, ndiyo maana naandika.

Ulikuja wiki ya 29, gramu 1,150. Mashine ya joto ilikuwa moja na tayari ilikuwa na watoto wawili. Nesi akanivua kanga, akakulaza kifuani ngozi kwa ngozi, akatufunga kitenge. "Kangaruu, mama. Usimtoe." Tulipofika nyumbani baba yako naye akashika zamu. Majirani walimcheka, hakujali, alilala ameketi.

Kabla hatujaruhusiwa daktari alikupima kichwa kwa ultrasaundi, kifaa akakiweka utosini pako, akasema haoni damu iliyovuja. Basi. Ndicho kipimo pekee cha ubongo ulichowahi kufanyiwa. MRI, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili, hujawahi kuingia, kwa hiyo ulichosoma ni habari za vichwa vya watu wengine.

Nami nimezisoma. Kule Trondheim, Norwei, wanawafuatilia watu waliozaliwa 1986 hadi 1988 wakiwa hawazidi gramu 1,500. Waliwapiga picha za MRI wakiwa na miaka kama 15, kisha karibu 20, kisha 26, wakiwalinganisha na wenzao waliotimiza miezi. Sitakuficha: tofauti zipo. Gamba la nje la ubongo kwa wastani lina eneo dogo zaidi, na njia nyeupe zinazopeleka habari hazijapangika vilevile. Ukubwani tofauti hazikufutika.

Sababu yake hata mimi niliielewa. Ubongo wa wiki ya 24 karibu hauna mikunjo, kama yai lililomenywa. Mikunjo huja baadaye, na njia zile ndipo zinapojiandaa kuvikwa utando wake wa mafuta. Chembe zinazofanya kazi hiyo bado ni changa; hewa ikipungua au maambukizi yakiingia, zinaumia upesi. Wenzako walikunjika gizani tumboni. Wewe ulikunjika kifuani kwangu, taa za wodi zinawaka usiku kucha.

Lakini wastani ni wa kundi. Humo ndani wamo waliopata ulemavu na wamo wanaofanya kazi na kulea watoto. Haukutaji wewe.

Kilichoniuma ni kingine. Nilikuta kwamba watoto waliozaliwa na uzito mdogo hivyo huhangaika zaidi na hesabu, na kutulia kwenye jambo moja huwawia vigumu. Nikakumbuka kidato cha pili, matokeo mezani, nikikuita mzembe mbele ya shangazi yako. Ukasema, "Mama, namba zinanitoroka." Nikadhani ni ujeuri. Sijui kama ni unjiti au ni mwalimu wenu aliyekuwa haingii darasani, ila ningekuuliza kwanza zinatoroka vipi.

Kuna habari nyingine, na hii niliisoma mara mbili kwa sababu ilinipendeza mno. Kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, wodi imejaa na mashine hazitoshi, kama kwetu. Watoto wa huko waliozaliwa miaka ya 1990 walipigwa MRI wakiwa watu wazima, na waliobebwa kifuani walikutwa, kwa wastani, na ujazo mkubwa zaidi katika baadhi ya sehemu za ubongo kuliko njiti wenzao ambao hawakubebwa hivyo. Nilitaka kumpigia baba yako nimwambie tumekujenga ubongo kwa kitenge! Halafu nikajikumbusha: wastani tena. Sisi tulikubeba kwa sababu ulikuwa wa baridi.

Kuhusu macho, usiahirishe. Njiti macho yao huhitaji kuangaliwa, na wewe unasoma karibu mno na karatasi. Hela ya miwani nimetuma leo asubuhi, na ya kutolea nimeweka.

Mama yako