Baba, uliniuliza kwa nini nalipia timu inayofungwa

Melbourne, 15 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama na wote hapo Chumbageni. Sisi huku hatujambo. Kiangazi ndiyo kwanza kimeingia, jua linachomoza saa kumi na mbili kasoro na linazama karibu na saa tatu usiku, kwa hiyo watoto hawataki kulala. Mwambie Mama kanga zimefika, na ile ya rangi ya zambarau mke wangu hataki hata kuifua.

Ama baada ya salamu, nakuandikia kwa ajili ya swali lako la mwezi wa sita. Ulisikia sauti yangu nzito kwenye simu, ukauliza nani kafariki. Nikasema hapana, timu imefungwa. Ukanyamaza kidogo, kisha ukasema: "Timu inafungwa kila wiki, na kila mwaka unailipia. Wanakupa nini?" Nilisingizia mtandao, nikasema tutaongea. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na swali lile limenikaa rohoni miezi sita.

Kwanza nikueleze mchezo wenyewe, maana najua nilikuchanganya. Ni mpira wa miguu wa Kiaustralia, wenyeji wanauita futi. Uwanja wake umevutwa kama yai, na ni mkubwa kiasi kwamba eneo lote la kuchezea la uwanja wetu wa Mkwakwani hapo Tanga ungeliweka ndani na nafasi ikabaki. Kila upande una wachezaji 18. Mpira nao una umbo la yai; unaupiga kwa mguu au kwa ngumi, huruhusiwi kuurusha, na anayekimbia nao lazima audundishe kila baada ya mita 15. Golini kuna milingoti minne. Ukipitisha mpira kwa teke kati ya miwili mirefu ya katikati unapata pointi 6, ukipita pembeni unapata 1. Hakuna kuotea. Na uzuri wake, Baba, uko hewani: mtu anaruka mpaka goti lake linakaa begani kwa mwenzake, anaudaka mpira kwa vidole huku uwanja mzima umeshika pumzi. Ungeona mara moja tu ungenielewa nusu.

Timu yangu ni North Melbourne. Ni timu ya mtaani kwetu kabisa. Kutoka kwenye ghorofa letu hadi uwanja wake wa Arden Street ni kama robo saa kwa miguu. Mechi za ligi kuu hazijachezwa pale tangu 1985, zimehamia viwanja vikubwa vya jiji, lakini mazoezi yako palepale. Ndani ya jengo la klabu kuna mpango wa kusaidia vijana wa familia za wahamiaji na wakimbizi, unaitwa The Huddle, ulianza 2010. Mjukuu wako mkubwa alizielewa hesabu za sehemu pale, kwenye meza moja na watoto wa Kisomali na wa Eritrea. Kuna habari nyingine ungeipenda. Inasimuliwa kwamba zamani wenye mabucha wa mtaa huu walikuwa wakining'iniza mifupa ya miguu ya ng'ombe madukani, wameifunga riboni za buluu na nyeupe, rangi za timu. Mpaka leo mashabiki tunaitwa kwa jina la mfupa wa muundi. Nilipoisikia nilikumbuka supu ya makongoro pale Ngamiani asubuhi ya mechi.

Nilifika hapa 2013. Mwaka huohuo kijana mzaliwa wa Khartoum, Majak Daw, alikuwa Msudani wa kwanza kucheza ligi hii, na jezi yake ilikuwa ya North. Teke lake la kwanza kwenye ligi likawa bao. Nilikuwa sijui hata pointi zinahesabiwaje, lakini nilijua nimepata timu. Na ilikuwa timu kweli. Mwaka 2014 na 2015 tulifika nusu fainali, yaani mechi moja tu kabla ya fainali kuu. Mwaka 2016 tulianza msimu kwa kushinda mechi tisa mfululizo.

Mwisho wa msimu ule wakongwe wanne waliambiwa hawataongezewa mikataba, mmoja wao akiwa Brent Harvey, aliyecheza mechi 432, nyingi kuliko mtu yeyote aliyemtangulia katika historia ya ligi hii. Tukaambiwa ni wakati wa vijana. Nilikubali. Nani anakataa vijana? Lakini tangu siku ile hatujaonja tena mechi za mtoano. Kati ya 2019 na 2023 makocha wakuu wamekuwa wanne, ukiacha walioshikilia kwa muda.

Sasa nikupe hesabu, maana wewe ni mtu wa bandari na unapenda hesabu iliyonyooka. Msimu wa 2021 tulishinda mechi 4 na kutoka sare moja. Wa 2022 tulishinda 2. Wa 2023 tulishinda 3, na katikati yake tulifungwa mechi 20 mfululizo. Mwaka huu tena 3. Jumla ni mechi 90, ushindi 12. Ligi ina timu 18. Katika miaka hiyo minne tumekuwa wa 18 mara mbili na wa 17 mara mbili.

Siku uliyopiga simu ilikuwa Jumapili ya tarehe 16 Juni. Tulicheza na Collingwood, timu kubwa, mabingwa wa mwaka uliopita. Wiki moja nyuma tulikuwa tumepata ushindi wetu wa kwanza wa msimu, huko Perth, baada ya kufungwa mechi 11. Katika robo ya tatu tulikuwa mbele kwa pointi 54. Hamsini na nne, Baba! Watu tusiofahamiana tulikuwa tunakumbatiana. Kiti cha kushoto kwangu hukaa mzee mmoja, mzaliwa wa mtaa huu, aliyekuwa mtoto mdogo North ilipochukua ubingwa wake wa kwanza 1975, baada ya kusubiri miaka 50 tangu iingie ligi kuu. Ana skafu aliyofumiwa na mama yake, sufi yake imelika pembeni. Kila mechi, king'ora cha mwisho kikilia, anaikunja mara nne, anaitia kwenye mfuko wa nailoni wa mkate, anasema tutaonana wiki ijayo, anaondoka. Miaka yote hiyo sijamwona akibadilisha.

Siku ile Collingwood wakaanza kurudi. Bao, bao, bao. Uwanja ule una paa, na kelele zao zilikuwa zinatuangukia kichwani. Dakika za lala salama vijana wetu walikuwa wanakimbia na mpira kama watu waliobeba yai bichi, kila mmoja anaogopa kuwa yeye ndiye atakayelivunja. King'ora kilipolia tulikuwa tumefungwa kwa pointi moja.

Mzee hakuikunja skafu. Alikaa nayo magotini, ameishika ncha zote mbili, akitazama nyasi. Wafagiaji wakaja na mifuko yao, wakafagia mstari wa mbele yetu, wakafika kwetu, wakaturuka. Mjukuu wako alikuwa ameegemea ubavu wangu. Akaniuliza kama tungeshinda wiki ijayo, nikajikuta namjibu kwa maneno ambayo sote tumeshayakariri: timu inajengwa, tuwape muda. Nilipojisikia nikiyasema niliona aibu. Nilikuwa namfundisha mtoto kuzoea.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, Baba. Kufungwa nimekujua tangu utotoni, nimefungwa pamoja nawe Mkwakwani kwenye jua la saa tisa. Lakini kwetu kufungwa kuna mwisho wake. Ukiburuza mkia unashuka daraja, na kila mtu anajua siku ya hukumu ni lini. Msimu wa 2016 uliposhuhudia Coastal Union, African Sports na Mgambo, timu zote tatu za Tanga, zikishuka kwa mkupuo mmoja, mji mzima ulilia siku moja. Huku hakuna kushuka. Timu ya mwisho inabaki palepale, na mwakani inakuwa ya kwanza kuchagua kijana bora kati ya wote wanaoingia ligi. Shabaha yao ni nzuri, wanataka mnyonge ainuke asimezwe na wenye fedha. Lakini tazama inavyomfanya shabiki. Mechi ya mwisho ya 2023 tulicheza na timu ya Gold Coast, katika mji wa Hobart. Tukifungwa, tunakuwa wa mwisho na tunachagua wa kwanza. Tukishinda, West Coast wanakuwa wa mwisho na nafasi ile inakuwa yao. Siku za kabla yake nimeketi na watu wazima, wenye mapenzi ya kweli na timu hii, wakiombea tufungwe. Wengine wakawa wanagombana nao mpaka kuweka glasi chini. Tulishinda. Nilipiga kelele peke yangu sebuleni, nikijua kuna mwenzangu wa jezi ileile ameshika kichwa. West Coast wakamchukua yule kijana aliyekuwa akizungumzwa nchi nzima, Harley Reid. Mimi siku ile nilifurahi na bado nafurahi. Timu inayoingia uwanjani lazima itake kushinda, la sivyo sisi wengine tumekwenda kuangalia nini?

Na utasema, basi acha, usilipe. Wengi wametamani. Kinachowazuia ni hofu ambayo wewe hukuwahi kuwa nayo na Coastal. Huku timu haishuki, bali inaweza kuhamishwa au kufa. South Melbourne ilipelekwa Sydney 1982. Fitzroy, timu ya jirani kabisa na hapa, iliunganishwa na timu ya Brisbane 1996 na mpaka leo kuna wazee hawaangalii tena mpira huu. Sisi wenyewe tulitakiwa tuhamie Gold Coast, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na ilikuwa Desemba 2007 klabu ilipokataa. Kuanzia 2012 baadhi ya mechi za nyumbani zilipelekwa Hobart, ng'ambo ya bahari, kwa sababu zilileta fedha. Kwa hiyo kadi ya uanachama huku ni kama kura. Usipolipa, umesaidia kuiua. Ukilipa, unaonekana umeridhika. Mtu mwenye hasira ya haki hana mahali pa kuiweka.

Nilikuwa nimeshaamua kukuandikia barua ya masikitiko matupu. Lakini mwezi uliopita, tarehe 30 Novemba, nilimpeleka mjukuu wako Princes Park kuangalia fainali ya wanawake. Timu ya wanawake ya North Melbourne ilikuwa imefungwa na Brisbane katika fainali ya mwaka jana. Mwaka huu walimaliza msimu mzima bila kufungwa, sare moja tu, wakakutana na Brisbane walewale. Tulishinda 39 kwa 9. Nilikuwa sijaona kitu kama kile: wapinzani wakipata mpira, wetu watatu wameshafika. Hakuna aliyesubiri kujengwa. Wimbo wa klabu ulipigwa, watu wakauimba mpaka sauti zikakauka, na mjukuu wako amerudi nyumbani anaudundisha mpira sebuleni mpaka jirani wa chini amegonga dari.

Mzee wa skafu alikuwepo. Aliniambia, "Klabu ileile. Jengo lilelile." Hakusema zaidi, na mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo. Kama kushinda kunawezekana Arden Street, basi kile tulichokuwa tunaambiwa kwamba ni lazima kichukue miaka si lazima kiwe hivyo. Furaha ile imeniongezea hasira kwa timu ya wanaume, na safari hii hasira ninayo kichwani badala ya kifuani. Mwakani nikiambiwa tena nisubiri, nitauliza tunasubiri nini hasa, na nitauliza mbele ya mtoto.

Ankara ya uanachama wa 2025 ilikuja wiki iliyopita. Nimelipa viti viwili, mstari uleule.

Sasa nami nina swali kwako. Mwaka ule wa 2016 Mama alinisimulia kwamba mechi ya kwanza ya Coastal baada ya kushuka daraja uliamka alfajiri, ukapiga pasi shati, ukaenda Mkwakwani kwa miguu. Wewe, uliyenibeba mabegani 1988 Coastal walipokuwa mabingwa wa nchi. Hukuwahi kunieleza uliona nini siku ile, wala ulikaa na nani, wala ulipitia njia gani kurudi nyumbani. Niandikie, Baba, kwa mkono wako, usimwachie dada akuandikie kwenye simu. Nataka kumsomea mjukuu wako kabla msimu haujaanza mwezi wa tatu.

Mpe Mama salamu, na majirani wote. Fedha za miwani nimetuma Ijumaa kwa jina la dada.

Ni mimi mwanao.