Mifumo ya tiketi ipimwe kwa mipangilio itakayotumika

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi ninayoifanya kila siku, nayo ni kupima kasi ya mifumo ya kompyuta inayowahudumia wananchi wa Unguja na Pemba.

Siku mbili kabla ya Idi el Fitri niliitwa katika ofisi moja ya tiketi za boti hapa Pemba. Karani alibonyeza kitufe cha kuchapisha, alama ya kusubiri ikazunguka kwenye kioo kwa zaidi ya dakika moja, na nje kina mama wenye watoto mgongoni wamesimama juani na mizigo yao. Mwishowe alifungua daftari akaandika tiketi kwa mkono. Inaniuma kwa sababu mfumo huo ulipimwa kabla ya kununuliwa, ukafaulu. Ulipimwa, hata hivyo, kwa mipangilio ya kiwandani, na baadaye ofisi ikawasha mambo mawili: kuweka kumbukumbu ya kila hatua ya karani, na kunakili data yote kila baada ya muda mfupi. Kila moja peke yake lilipunguza kasi kidogo tu. Yalipowashwa pamoja yaligombania diski moja ya kuhifadhia data, na wingi wa wasafiri ukamalizia.

Programu yenye swichi 20, yaani mambo kama hayo ya kuwasha na kuzima, ina mipangilio 1,048,576, na ukiipima yote kwa dakika moja moja, usiku na mchana, utamaliza baada ya siku 728. Si lazima kufika huko. Mipangilio 8 iliyochaguliwa kwa hesabu inatosha kupitia kila jozi ya swichi katika hali zake zote nne: zote mbili zimewashwa, zote mbili zimezimwa, ya kwanza tu imewashwa, au ya pili tu. Zipo kasoro zinazotokea swichi tatu zikikutana, nazo zitahitaji vipimo zaidi, lakini hii ya mwaka huu ingeonekana mapema kama vipimo hivyo vingefanywa kwa idadi ya wateja wa siku za Idi.

Naziomba taasisi zinazonunua mifumo ziandike katika mikataba kwamba kipimo kitafanywa kwa mipangilio itakayotumika, kitarudiwa kila swichi inapobadilishwa, na ripoti yake itataja kila swichi ilikuwa katika hali gani.

Fundi wa mifumo ya kompyuta,
Chake Chake, Pemba